Uhura na Kiswahili cha Moyoni: Tahakiki ya Mhusika Mdogo katika Star Trek

Utangulizi

Katika uhakiki wa riwaya na tamthilia, mhusika mdogo hupimwa kwa kazi anayoifanyia hadithi. Huleta barua, hufungua mlango, humwuliza mhusika mkuu swali ambalo hadhira nayo ingependa kuliuliza, kisha huondoka jukwaani. Haulizwi katoka wapi wala anatamani nini. Hata hivyo, hutokea mara chache mhusika wa namna hiyo akabebeshwa mzigo mzito kuliko nafasi aliyopewa, na mzigo wenyewe ukawa ni jina lake na lugha yake. Mmoja wa wahusika hao ni Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano katika mfululizo wa hadithi za kubuni za kisayansi uitwao Star Trek.

Mfululizo huo, uliobuniwa na Gene Roddenberry, ulianza kuonyeshwa katika televisheni ya Marekani tarehe 8 Septemba 1966 ukakoma mwezi wa Juni 1969, baada ya visa 79. Unasimulia safari za chombo cha angani kiitwacho Enterprise katika karne ya 23. Nguzo zake ni watu watatu: Nahodha Kirk, msaidizi wake Spock, ambaye ni nusu mtu na nusu mwana wa sayari nyingine, na daktari McCoy. Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols (1932–2022), huketi nyuma ya nahodha akiwa na chombo cha kusikilizia masikioni. Kazi yake ni kumwarifu nahodha kwamba kuna anayeita, kisha kuifungua njia ya mawasiliano ili wakubwa wazungumze. Jina la mwigizaji wake halikutangazwa mwanzoni mwa kisa pamoja na majina ya nguzo hizo, liliorodheshwa mwishoni. Kwa kipimo chochote cha kifani, huyu ni mhusika mdogo.

Mengi yaliyoandikwa juu ya Uhura yamehusu rangi na jinsia yake, na hilo lina haki yake. Kumweka mwanamke mweusi katika chumba cha uongozi wa chombo cha kisayansi, katika Marekani ya mwaka 1966, halikuwa jambo dogo. Lakini kwa mtaalamu wa lugha za Kiafrika kuna swali jingine ambalo halijashughulikiwa ipasavyo. Uhura ni msemaji wa Kiswahili. Je, Kiswahili chake kinasikika wapi, kinasemwa na nani, na kinatumika kwa shughuli gani? Hoja inayotolewa hapa ni kwamba waandishi wa Star Trek walikipa Kiswahili moyo wa Uhura lakini wakakinyima kazi yake. Na kwamba mgawanyo huo, ijapokuwa ulifanywa kwa nia njema, ndio udhaifu mkubwa zaidi katika uumbaji wa mhusika huyu.

Jina

Kwa simulizi la Nichols mwenyewe, siku alipokwenda kujaribiwa kwa ajili ya uigizaji alikuwa amechukua riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyochapishwa mwaka 1962. Neno hilo likawavutia watayarishaji, na baada ya kulainishwa kidogo likawa Uhura.

Asili hiyo ina kinyume ndani yake. Ruark alikuwa Mmarekani aliyeiandika Kenya ya miaka ya Mau Mau na ya kukaribia uhuru kwa jicho lililokuwa karibu zaidi na walowezi kuliko wenyeji. Kwa hiyo neno lililokuwa midomoni mwa umma wa Tanganyika mwaka 1961, Uganda mwaka 1962 na Kenya mwaka 1963 lilifika California kwa njia ya jalada la kitabu cha mtu aliyeutilia shaka uhuru wenyewe. Hata hivyo neno lina nguvu zake, na halikuzipoteza zote safarini.

Lililopotea ni irabu. Kiisimu, uhuru ni nomino dhahania iliyojengwa kwa kiambishi u- na shina -huru, lenye asili ya Kiarabu. Ndilo shina la mtu huru na nchi huru. Irabu ya mwisho ni sehemu ya shina, wala si kiambishi kinachoweza kubadilishwa. Ikiwekwa -a mahali pake, shina limevunjika, na msemaji wa Kiswahili anabaki na sauti iliyo jirani na maana lakini haimo ndani ya maana.

Sababu ya badiliko hilo ilikuwa kulifanya jina liwe la kike. Hapa kanuni ya lugha nyingine imelazimishwa juu ya Kiswahili. Katika lugha kadhaa za Ulaya irabu -a mwishoni mwa jina ni dalili ya mwanamke. Katika Kiswahili si dalili ya chochote cha jinsia. Juma, Musa na Hamza ni wanaume. Tatu na Zainabu ni wanawake. Ngeli za Kiswahili hazimtengi mume na mke. Isitoshe, Uhuru halikuhitaji kulainishwa ili liwe jina la mtu: Rais wa nne wa Kenya, Uhuru Kenyatta, alikuwa amekwisha kupewa jina hilo alipozaliwa mwaka 1961, miaka mitano kabla ya Star Trek kuonyeshwa.

Lipo, hata hivyo, jambo moja ambalo waliolibadili jina huenda hawakulifikiria. Sikio la Kiswahili likilisikia Uhura, halilisikii uhuru peke yake. Linalisikia pia Zuhura, ambalo ni jina la kike lililozoeleka pwani na papo hapo ni jina la sayari. Kwa mwanamke anayeishi angani, hakuna mwangwi unaofaa kuliko huo. Lakini mwangwi huo ni tunu ya bahati. Ni msikilizaji wa Kiswahili anayelitajirisha jina, si mswada. Mithali husema kwamba jina jema hung'aa gizani. Jina hili linang'aa, ila kwa mwanga ambao wengi wa watazamaji wake wa kwanza hawakuwa na njia ya kuuona.

Sauti mbili

Katika mfululizo wa kwanza, visa viwili ndivyo vinavyokifanya Kiswahili kuwa sehemu ya Uhura, na vyote viwili vinastahili kuchunguzwa kwa makini.

Cha kwanza ni The Man Trap, ambacho ndicho kisa kilichofungua mfululizo mnamo tarehe 8 Septemba 1966. Mapema katika kisa hicho Uhura anajaribu kuzungumza na Spock zamu ikiwa imepoa. Anamlalamikia kwamba amechoshwa na neno moja la kazi yake, neno la masafa ya redio, kiasi cha kutaka kulia akilisikia tena. Anamwuliza juu ya mwezi katika sayari ya kwao. Spock anamjibu kwamba sayari ya kwao haina mwezi. Ni mzaha mfupi, lakini umemjenga mhusika: huyu ni mtu aliyezungukwa na lugha ya mitambo na ambaye hana wa kuongea naye.

Baadaye anatokea dubwana linalofyonza chumvi ya mwili wa binadamu, lenye uwezo wa kujigeuza na kuwa yule ambaye kila mtu anamtamani. Kwa Uhura linajitokeza katika umbo la kijana mweusi, mwenye sare ya chombo hicho hicho. Linamwambia kwamba anaonekana mpweke. Kisha maongezi yanageuka kuwa Kiswahili.

Matamshi ni ya waigizaji waliokariri na si ya wenye lugha, lakini kifani tukio hilo ni zito. Dubwana halina Kiswahili chake lenyewe. Limekichota katika fikira za Uhura. Maana yake ni kwamba chini ya Kiingereza chote cha amri na taarifa, mwanamke huyu hutamani katika Kiswahili. Mwandishi amefanikiwa, kwa maneno machache, kumpa mhusika mdogo undani ambao nafasi yake haikuuruhusu. Lakini ni kwa gharama gani? Mara ya kwanza Kiswahili kinaposikika katika karne ya 23, kinasikika kinywani mwa muuaji, nacho ni chambo. Spock anamjibu kwa ubaridi, lakini hamdhuru. Anayemwita kwa lugha ya kwao ndiye anayetaka kumla.

Kisa cha pili ni The Changeling, cha tarehe 29 Septemba 1967. Mtambo unaojiendesha, uitwao Nomad, unamsikia Uhura akiimba. Mtambo hauelewi kuimba ni nini. Unamchunguza ili upate jibu, na katika kumchunguza unafuta maarifa yake yote. Inabidi afundishwe upya kusoma kama mtoto wa darasa la kwanza, mbele ya picha na sentensi fupi za Kiingereza. Na anapokwama, Kiswahili kinamtoka.

Kwa mtaalamu wa lugha, tukio hilo dogo ni hazina. Linadai kwamba kuna lugha iliyo chini ya elimu, ambayo haifutiki kwa urahisi ule elimu inavyofutika. Kiingereza ni kitu alichojifunza Uhura, kwa hiyo kinaweza kuondolewa na kurudishwa. Kiswahili ni kitu alicho. Dai hilo linaweza kupingwa kisayansi, kwani lugha ya kwanza nayo hujifunzwa, lakini kama picha ya kisanaa lina ukweli unaotambulika na kila aliyewahi kuhesabu kwa lugha moja na kulia kwa nyingine.

Udhaifu uko katika namna kisa kinavyoendelea. Mtu mzima amefutwa, na ndani ya siku chache anatarajiwa kurudi kazini. Hakuna anayeuliza kama nyimbo zake zimerudi, kama anamkumbuka mama yake, kama Kiswahili kilichobaki kimebaki kizima. Kirk angepatwa na jambo hilo, pasingekosekana kisa kizima cha kulichunguza. Kwa kuwa aliyepatwa ni mhusika mdogo, linageuka kichekesho cha dakika moja. Na Kiswahili kimewekwa upande gani katika kichekesho hicho? Upande wa utoto, upande wa kutojua kusoma. Elimu inaporudi, Kiswahili kinanyamaza.

Lugha ya kazi

Vikiwekwa visa hivyo viwili pamoja, mpangilio unajitokeza. Kiswahili ni lugha ya upweke, ya matamanio na ya utoto. Hakuna mahali katika visa hivyo ambapo Uhura anakitumia kupima, kuamuru, kutengeneza au kuonya. Na si kwamba hajui kufanya mambo hayo. Katika Who Mourns for Adonais?, cha mwaka 1967, anaonekana akiukarabati mtambo wa mawasiliano kwa mikono yake. Na katika The Lorelei Signal, kisa cha mfululizo wa katuni wa mwaka 1973, anashika uongozi wa chombo baada ya wanaume kudhoofika. Umahiri anao. Ila umahiri wake una lugha moja na moyo wake una nyingine.

Mtetezi wa mfululizo huo anaweza kusema kwamba hadhira ilikuwa ya Wamarekani, na kwamba tamthilia haiwezi kusemwa kwa lugha ambayo watazamaji hawaielewi. Utetezi huo una uzito, lakini unapunguzwa nguvu na jambo lililotokea katika mfululizo wenyewe. Waklingoni, ambao ni maadui wa kubuni, walipewa lugha. Mwanaisimu Marc Okrand aliwatungia sarufi na msamiati, na kamusi yake ikachapishwa mwaka 1985. Lugha isiyokuwa na hata mzee mmoja wa kuisimulia ikapata maneno ya vyombo vya angani, silaha na amri za vita, na watazamaji wakaipokea kwa furaha, wengine wakajifunza kuisema. Lugha ya mamilioni ya watu, iliyokuwapo mfululizoni tangu kisa cha kwanza, haikupata hata neno moja la kazi. Kwa hiyo kikwazo hakikuwa masikio ya hadhira. Kikwazo kilikuwa mazoea ya kufikiri kwamba lugha ya Kiafrika huhifadhi, na lugha ya Ulaya hutenda.

Inafaa kukumbuka yaliyokuwa yakitendeka Afrika ya Mashariki miaka hiyo hiyo. Mwaka 1967, mwaka wa The Changeling, Tanzania iliunda Baraza la Kiswahili la Taifa, na miongoni mwa kazi zilizolikabili ilikuwa kusanifu istilahi za ofisi, sheria na sayansi. Wakati mswada wa televisheni ulipokuwa unakiweka Kiswahili katika utoto wa Uhura, wenye lugha walikuwa mezani wakikiandalia utu uzima.

Lipo tukio jingine ambapo Uhura anapewa nafasi ya kutoa maoni juu ya lugha. Katika The Savage Curtain, cha tarehe 7 Machi 1969, mfano wa Abraham Lincoln unamwita kwa neno la zamani la kumtaja mwanamke mweusi, kisha unaomba radhi. Uhura anajibu kwamba katika karne yao watu wamejifunza kutoyaogopa maneno. Jibu hilo ni la kiungwana na limependwa na wengi. Lakini mhakiki hana budi kuliuliza swali moja. Kutoyaogopa maneno ni jambo moja. Kuyasahau ni jingine. Mhusika ambaye jina lake lenyewe ni neno lililokatwa makali ili lipendeze ndiye anayetumwa kusema kwamba maneno hayaumi. Mswada unamtumia kuifariji hadhira, na yeye mwenyewe hausemi kilichomgharimu kufika kwenye utulivu huo.

Upungufu huo ulifika kileleni katika filamu ya sita, ya mwaka 1991. Chombo kinapaswa kujibu mwito wa Waklingoni bila kutumia mtambo wa kutafsiri, na Uhura, baada ya miaka mingi ya utumishi katika mawasiliano, anaonekana akipekua vitabu vikuukuu pamoja na wenzake huku akibabaisha maneno. Nichols alilipinga tukio hilo, kwa hoja kwamba afisa wa mawasiliano angeijua lugha ya adui. Katika mgongano huo mwigizaji alikuwa mhakiki bora kuliko waandishi. Alitambua kwamba afisa wa mawasiliano asiyejua lugha si mhusika tena. Ni kiti na vidude vya masikio.

Nyota

Mhusika mdogo ana faida moja ambayo mkuu hana: hajajazwa, kwa hiyo wengine wanaweza kumjaza. Nichols alisimulia kwamba baada ya mwaka wa kwanza alikusudia kuacha kazi, na kwamba Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki, kwa sababu ya wale waliomtazama. Waliomtazama walikuwapo kweli. Mae Jemison, mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kufika angani, mwaka 1992, alimtaja Uhura miongoni mwa waliomtia hamu.

Jina lake la kwanza nalo lilikuja kwa njia ya kujaziwa. Mfululizo wa 1966–1969 haukumpa. William Rotsler alimpa jina la Nyota katika kitabu cha mwaka 1982, na likathibitishwa katika filamu ya mwaka 2009, ambamo Zoe Saldana ndiye Uhura. Ni tofauti kubwa na jina la ukoo. Nyota limeachwa lilivyo; halikulainishwa wala kuongezewa irabu ya kike, na linatamkika Mombasa kama linavyotamkika katika filamu. Tena filamu hiyo inamfanya Uhura awe mtaalamu wa lugha kwa sifa, anayezitofautisha lahaja za maadui.

Katika mfululizo wa Strange New Worlds, ulioanza mwaka 2022, Celia Rose Gooding anamwigiza Uhura akiwa kijana mwanafunzi, mzaliwa wa Kenya, ajuaye lugha 37. Kisa cha pili, Children of the Comet, kinastahili kulinganishwa na The Changeling. Mwaka 1967 Uhura aliimba, na chombo kigeni kisichoelewa kuimba kikamfuta. Mwaka 2022 Uhura anaimba, na chombo kigeni kinaitikia. Wimbo wake ndio ufunguo unaowaokoa wenzake. Waandishi, kwa kujua au kwa kutojua, wamelijibu kosa la wazee wao. Kilichokuwa udhaifu wa mwanamke anayejiimbia kazini kimekuwa maarifa.

Hata hivyo jibu hilo ni nusu. Kenya ya Uhura mpya ni nchi ya msiba: wazazi wake na kaka yake wamekufa katika ajali, naye ameondoka kwa sababu ya msiba huo. Kwao bado ni mahali pa moyo, pa kukumbukwa na kuliliwa. Kazi iko kwingine. Mpaka kati ya lugha ya kuhisi na lugha ya kutenda umesogezwa, haujafutwa.

Hitimisho

Uhura ni mafanikio ya uigizaji na ya hadhira kuliko ya mswada. Kwa visa viwili vifupi mswada ulimpa kina ambacho wahusika wengi wadogo hawakipati: lugha iliyo chini ya lugha. Lakini ulikiweka Kiswahili mahali ambapo hakiwezi kukua, na jina lake ukalitengeneza kwa kipimo cha sikio la kigeni. Wapenzi wa Kiswahili wamekuwa wepesi kufurahi kwamba lugha yao imefika angani. Furaha hiyo ni halali, ila isiwe sababu ya kutouliza imefika huko ikiwa abiria au ikiwa rubani.

Umoja wa Afrika ulipokikubali Kiswahili mwaka 2022 kuwa miongoni mwa lugha zake za kazi, ulitamka jambo ambalo waandishi wa hadithi hizi hawajalitamka bado: kwamba lugha hii hutenda. Jukumu la kulionyesha hilo katika bunilizi haliwezi kuachiwa watunzi wa Marekani peke yao. Ni la watunzi wa Kiswahili, na msamiati wanao. Neno lile lililomchosha Uhura katika kisa cha kwanza, hata akataka kulia, watangazaji wa redio wa Afrika ya Mashariki wamekuwa wakilitaja kwa Kiswahili kwa miaka mingi bila taabu: masafa mafupi, masafa ya kati. Uhura anayeketi mbele ya mitambo yake na kulisema neno hilo katika lugha yake, kwa kuwa kazi inamtaka aliseme, bado hajaandikwa.